Bakuli la Ngoma ya Somoe

Enzi zetu pale Kitangari, Newala, bakuli la mbao halikununuliwa dukani. Lilitoka mikononi mwa baba yako, na likipasuka, kijiji kizima kilijua ni kazi ya baba wa nani.

Mwaka ambao dada yangu Somoe alikuwa unyagoni, upepo uliangusha mwembe mkongwe nyuma ya ghala la korosho. Watu wakaja na mashoka kutafuta kuni. Baba yeye akaomba gogo la shina, akatangaza mbele ya watu kwamba atachonga bakuli kubwa, na siku Somoe atakapotolewa, wageni watakula humo. Mjomba, ambaye ndiye mwenye shughuli, akamtazama weee, kisha akasema, "Shemeji, likipasuka tutaazima masinia kwa watu. Usituaibishe."

Sisi watoto roho zikawa juu. Baba wala hakuwa na papara. Alipasua gogo katikati, akautoa wote moyo wa mti, maana alisema nyufa huanzia hapo. Akachonga kwa tezo mti ungali mbichi, ukinukia embe changa, akaziacha kuta nene. Wengine huloweka mti majini, lakini kwetu Newala hata maji ya kuoga yalikuwa ya kubembeleza, nani angelinywesha gogo? Baba alilizika bakuli ndani ya gunia la maranda, akalisukuma pembeni mwa chumba, mbali na jua na upepo, likauke polepole.

"Atakayefungua hili gunia," alisema, "siku ya ngoma atakula kwa macho!"

Jamani, tulilinusa, tulilipapasa, lakini kulifungua, thubutu!

Mjomba kila akipita aliuliza, "Mgonjwa wenu bado amelala?" Baba anacheka tu, na maranda yakishika unyevu anaweka mengine makavu. Bakuli lilipokuwa jepesi, akalichonga upya likawa jembamba, nasi tukalisugua kwa majani ya msasa mpaka vidole vikawaka. Mama akalipaka mafuta ya ufuta.

Siku yenyewe, Somoe ameketi na kanga mpya, mama alimwaga mchuzi wa kuku, wa moto, ndani ya bakuli. Mjomba akainama, akapitisha kiganja chini yake. Pakavu. Akarudia tena. Kisha akasimama, akasema kwa sauti, "Baba Somoe, umetupa heshima!" Vigelegele vikapasua anga. Nilijiona mtoto wa mfalme, nasema kweli.

Vijana wa siku hizi wana mabeseni ya plastiki, na mti ukianguka wanaupiga picha. Bakuli lile ninalo mimi, zima. Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka Dar, anataka nimtumie alitundike sebuleni, eti ni pambo. Nikamwambia, mwanangu, babu yako hakuchonga pambo. Njoo na wanao, nipike ugali wa muhogo, mnawe mikono, tule.