Kitufe cha Kengele

Binti yangu wa kwanza alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mpaka anatimiza miaka saba hakuwa amekaa mwenyewe hata siku moja, na vidole vyake vilijikunja havikunjuki. Baba yake alishinda kijiji cha Ziwani kwenye mikorosho msimu mzima. Nyumbani Chuno tulibaki wawili. Nilimwogesha, nikamlisha, nikambeba kumtoa nje, nikambeba kumrudisha ndani. Nilichoka hadi nikaacha kusema kwamba nimechoka.

Wasichana wa jirani walipocheza uani, yeye nilimwegemeza kwenye gunia la pumba, akawa anawatazama tu.

Kitu alichokipenda ni redio kaseti. Ilipoharibika niliipeleka kwa fundi mmoja mtaa wa Chikongola, mtoto mgongoni, maana sikuwa na wa kumwachia. Fundi alimtazama mtoto.

"Mama, huyu mkono anausogeza?"

"Mkono hapana. Kiwiko, kidogo."

"Kiwiko kinatosha."

Akachakura kwenye vyuma chakavu vyake, akatoa kitufe cha kengele ya mlango. Akakikaza kwenye kibao, juu akaweka kifuniko kipana cha kopo la maziwa, akaunga waya mpaka kwenye redio. Ukibonyeza, muziki unalia, ukiachia, unakata.

Siku nyingi alikuwa anakikosa. Jasho lilimtoka. Alipokipata, wale wasichana wakasogea, na mchezo wakautunga wenyewe: muziki ukilia mnacheza, ukikata mnaganda, atakayetikisika anatoka.

Haikupita wiki mmoja wao akanijia jikoni amefura.

"Mama, mwanao ananionea! Ananivizia mimi tu, nikiinua mguu anakata!"

Tangu azaliwe, mwanangu alikuwa ameonewa huruma na kila mtu. Hakuna aliyewahi kumlalamikia.

"Nenda kamwambie mwenyewe," nikasema.

Akaenda, akasimama mbele yake, akamfokea akimnyooshea kidole. Binti yangu alicheka mpaka mate yakamtiririka, kisha akabonyeza.

Nisidanganye kwamba mzigo ulipungua. Waya ulikatika, hewa ya chumvi ya baharini ikala kitufe, na kila mara nilimfunga mgongoni kwenda Chikongola, naye anazidi kuwa mzito. Mwishowe fundi akasema, "Nikufundishe kuchomelea waya, mama, upumzike." Nikafundishwa. Nikaungua vidole. Kupumzika sikupumzika.

Wasichana wakakua. Mmoja akaenda sekondari, mwingine akaolewa, yule mlalamikaji akahamia kwa shangazi yake. Alasiri moja uani hakukuwa na mtu. Binti yangu, sasa ana miaka kumi na mitatu, akabonyeza, muziki ukalia, akanitazama. Nikajifanya sioni. Akaachia, akabonyeza tena.

Nikaweka ungo wa mihogo chini, nikacheza. Kiuno kiliniuma. Nilipoinua mguu, akakata.

Nikaganda hivyo hivyo, nimeshika ukuta, namsubiri abonyeze.