Mama Aliyetangulia Njiani

Maryam alipojifungua mtoto wa kike, hapakuwa na haja ya kushauriana juu ya jina. Mtoto angeitwa Mwanamisi, kama alivyoitwa bibi wa Maryam, aliyemzaa mama yake, Salama. Wanawake wa Malindi, kijiji cha milimani Lushoto, walimiminika kumwona, na Salama akawapokea kwa uji na vicheko, mjukuu amemlalia kifuani. Kisha jirani mmoja akamfunua mtoto uso, akamtazama sana, akauliza, "Haya Salama, wewe ndiye uliyemjua. Amefanana na somo yake?"

Salama alifumba macho ili amtazame mama yake kichwani. Aliona kaniki. Aliona tenga la kabichi. Aliona hata matone ya ukungu kwenye nywele fupi za shingoni. Uso haukuwapo.

"Macho," alisema haraka. "Macho ni yake."

Wanawake wakashangilia. Yeye akamrudisha mtoto kwa Maryam, akatoka nje, akasimama kando ya migomba, moyo ukimwenda mbio kama wa mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

Mwaka huo wa 1994 Salama alikuwa ametimiza miaka arobaini na ushei, na alikuwa muuza mboga anayejulikana Lukozi nzima. Biashara hiyo aliirithi kwa miguu. Tangu utotoni, kila siku ya soko, alimfuata mama yake kutoka Malindi hadi Lukozi, kama Jafari, kaka yake, alivyomfuata kabla yake. Njia ilikata ubavuni mwa mlima, nyembamba, bonde likiwa upande mmoja, na watu walikwenda mmoja nyuma ya mwingine. Mama alibeba tenga kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Mtoto alibeba kinachomtosha, akafuata.

Bi Mwanamisi alifariki katika miaka ya foleni za sukari na sabuni, bila kuacha picha. Mpiga picha alikuja kijijini mara moja tu, kwenye harusi. Zamu ya Bi Mwanamisi ilipofika, filamu ikawa imekwisha. "Nitapigwa siku nyingine," alisema, akacheka, akarudi jikoni.

Sasa mambo yalikuwa mengine. Maduka ya Lushoto yalijaa redio, sabuni za manukato na marobota ya mitumba. Malori ya Dar es Salaam yalifika Lukozi, na gari dogo lilifuata kabichi shambani kwenyewe. Salama alikaa mbele, karibu na dereva, miguu mikavu. Alishukuru. Ila hakuna aliyepita tena ile njia ya ubavuni, na majani yalikuwa yameifunika.

Alimfuata Jafari nyumbani kwake.

"Kaka, mama alikuwa na sura gani?"

"Swali gani hilo? Sura ya mama! Alikuwa na mwanya hapa mbele."

"Mwanya alikuwa nao shangazi."

"Basi walikuwa nao wote wawili," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Wanaochunguza akili ya binadamu wanatuambia kwamba kumbukumbu haikai kichwani kama kanga iliyokunjwa sandukuni, ukaitoa kama ulivyoiweka. Kila tunapomkumbuka mtu tunamsuka upya, kama anayesuka kapu, na ukili ukipungua mkono huchukua ukili mwingine ulio karibu. Salama hakuwa amesoma hayo. Alijua tu kwamba kaka yake amemvisha mama yao meno ya shangazi bila kujua, na kwamba wasipofanya jambo, Mwanamisi mdogo atarithi jina la mtu ambaye hakuna anayemwona tena.

Ndipo akaazimia kuchorewa picha, iwe tayari siku ya arobaini ya mtoto.

"Picha ya marehemu ukutani?" Jafari alifoka. "Mimi nitasali wapi nikija kwako, jikoni?"

"Utasali ulikozoea, kaka. Mara ya mwisho kusali kwangu ilikuwa lini?"

Fundi wa kuchora Lushoto alikuwa Silvano, kijana mrefu mwenye rangi ya mafuta hadi kwenye nyusi. Kazi ilimjaa siku hizo, kwa kuwa kila aliyefungua duka alitaka bango, na kila kinyozi alitaka vichwa ukutani. Watu walimtania kwamba vichwa vyake vyote vimezaliwa na mama mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nataka unichoree mama yangu."

"Picha yake umekuja nayo?"

"Ningekuwa nayo ningekuja kwako kufanya nini?"

Silvano akacheka, akachukua mkaa na kipande cha ubao. Akaanza kuuliza. Pua nene au nyembamba? Midomo je? Paji la uso? Salama alijibu kila swali, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyozidi kuona kwamba anabahatisha. Pua ikawa ya Jafari. Midomo ikawa yake mwenyewe. Silvano alipougeuza ubao, mwanamke aliyetokea alikuwa mzuri, amechana nywele, anatabasamu kama anayetangaza mafuta ya nywele.

"Ni yeye?"

"Sijui," Salama alisema. Akaenda nyumbani.

Usiku ule hakulala vizuri. Kila alipomtafuta mama yake, yule mwanamke wa ubaoni alitangulia kutokea, na tabasamu lake. Hata kaniki sasa ilikuwa juu yake. Salama aliogopa kweli. Alikuwa amepoteza uso, na sasa alikuwa karibu kunyang'anywa hata kile kidogo kilichobaki.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Silvano kabla hajafungua.

"Mfute."

"Mama, tungerekebisha pua..."

"Nimesema mfute! Ameanza kukaa mahali pa mama yangu."

Silvano alimtazama, akachukua kitambaa, akaufuta ubao mpaka ukabaki mweusi. Akamsogezea kiti. Hakugusa mkaa.

"Tuache pua," alisema. "Ukimkumbuka mwenyewe tu, bila mimi kukuuliza, unamwona amekaa au amesimama?"

"Anatembea."

"Anakuja au anakwenda?"

Salama akafumba macho, na njia ikajifungua yote. Hakuweza kuruka hata kona moja. Ilimbidi aipite mikaratusi, ateremke kijito, apande udongo mwekundu wenye utelezi, hatua kwa hatua kama zamani. Mbele yake zilikwenda katambuga mbili za tairi na visigino vyenye magaga. Kaniki iliyolowa pindo. Mkono wa kushoto ulishika tenga. Mkono wa kulia ulikuwa nyuma, chini ya kiuno, vidole vikifunguka na kujifunga, vikitafuta.

"Anakwenda," alisema, na machozi yakamtoka. "Fundi, alikuwa hawezi kugeuka. Tenga lingeanguka. Alikuwa ananyoosha mkono huu hivi, bila kunitazama, ananiuliza, 'Upo?' Mimi nashika vidole viwili, nasema, 'Nipo.' Siku nzima, 'Upo?' 'Nipo.'"

"Basi huyo ndiye mama yako," Silvano alisema. "Jana nilikuwa nakulazimisha kumtazama upande usiouona."

Akashika mkaa. Safari hii Salama hakubahatisha hata kidogo. Magaga yale, chini zaidi. Kidole gumba, nje kidogo. Tenga limeinamia kulia, kwa sababu bega lile liliwahi kuumia.

Siku ya arobaini, baada ya dua, wageni wakila pilau, Jafari alimfuata dada yake chumbani. Alikuja na kofia yake mpya na hotuba yake yote.

"Nionyeshe hicho kinyago chako, tumalize maneno."

Salama aliondoa kanga iliyofunika ubao, akasogea pembeni.

Jafari alisimama. Hapakuwa na uso wa kubishania. Palikuwa na ukungu, njia iliyopakwa rangi nyekundu, na mwanamke anayepanda, mkono mmoja nyuma, vidole wazi. Kaka yule mwenye ndevu za mvi alitazama ule mkono kwa muda mrefu. Mkono wake mwenyewe ukanyanyuka kidogo, ukabaki hewani.

"Nipo," alisema, polepole, kama anayeogopa kusikiwa.

Hotuba hakuitoa. Alichosema ni kwamba ubao utundikwe karibu na mlango, ili mama aonekane anatoka kwenda sokoni, asije akaonekana anagonga ukuta.

Uso haukurudi, siku ile wala baadaye, na Salama aliacha kuutafuta. Jirani yule alipomfunua tena mtoto na kuuliza kama amefanana na somo yake, Salama hakuhangaika.

"Subiri kwanza," alimwambia. "Tutajua akianza kutembea."