Mikono ya Bibi Mizani

Mpiga picha wa kwanza alitimuliwa kabla hajamaliza chai yake. Wa pili hakupewa chai.

Aliyewatimua ni Bibi Mizani, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kliniki, alikopima uzito wa watoto kwa miaka thelathini na mmoja. Kina mama wa mitaa yote ya karibu walimjua kwa mambo mawili: mikono yake haikuwahi kumliza mtoto, na mdomo wake haukuwahi kumsaza mama yeyote. Ukichelewa, unasemwa. Nepi ikiwa mbichi, unasemwa. Alipostaafu alifanyiwa sherehe kubwa, na mimi nasema nusu ya waliocheza siku ile walikuwa wanafurahia kumwona mgongo.

Sasa nyumbani kulikuwa na mjukuu wa siku tisa, na mkamwana ambaye hawakuiva naye chungu kimoja. Mkamwana alikuwa mpima macho katika duka la miwani, mwanamke wa sauti ya chini, na sauti hiyo ilimkera Bibi Mizani kuliko matusi. Likizo yake ya uzazi ilibaki miezi miwili na nusu. Baada ya hapo mtoto angebaki na nani? Mkamwana alitaka yaya. Bibi Mizani alitaka abaki naye, na hakuna kitu alichokuwa amekitaka hivyo tangu astaafu.

"Mjukuu wangu alelewe na mgeni, na mimi nimekaa hapa kama pambo?"

"Tutaona, mama," mkamwana alijibu kila mara. Baba wa mtoto, mwana wa Bibi Mizani, alikuwa dereva wa lori la saruji, na siku hizo alizipenda safari ndefu kupita kiasi.

Tena kulikuwa na jambo ambalo Bibi Mizani hakumwambia mtu. Vidole vya mkono wake wa kulia, gumba na viwili vinavyofuata, vilikuwa vimekufa ganzi tangu mwaka jana. Vilishika, vilikunja, vilifunga vifungo, ila havikusikia kitu. Aliviongoza kwa macho. Akimwogesha mtoto hapepesi, na watu wakadhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, lakini na woga ulikuwepo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hiyo aliijua sana, maana kina mama wa kliniki aliwatupia kila wiki.

Basi mkamwana aliposema anatafuta mpiga picha wa watoto wachanga, Bibi Mizani aliona njia. Kila atakayekuja atapimwa, kila mmoja atashindwa, na mkamwana ataona mwenyewe kwamba mikono ya mgeni haifai kumgusa mtoto yule. Alijaza kilo tatu za unga kwenye foronya, akatia chungwa ndani ya soksi, akalishonea juu liwe kichwa.

"Mbebe, kisha mlaze," alimwambia kila aliyekuja.

Wa kwanza, kijana aliyejipulizia manukato mpaka sebule nzima ikapiga chafya, alimkwapua mtoto wa unga kwa mkono mmoja huku akipokea simu. Chungwa likaning'inia mgongoni.

"Umeshaua," alisema Bibi Mizani. "Mlango ule pale."

Wa pili alikuwa dada mwenye vikapu, mataji ya maua na wavu. Wavu wa nini? Akaeleza kwamba mtoto hulazwa ndani, akatundikwa juu, akatoka pichani kama malaika. Bibi Mizani alimsikiliza mpaka mwisho, na waliomjua wangejua hiyo si dalili njema.

"Dada yangu, kinachotundikwa kwenye wavu ni vitunguu. Sisi hapa tumezaa mtu."

Wa tatu alikohoa mlangoni, akasema ni vumbi tu, akaishia mlangoni hapohapo.

"Mchagua nazi hupata koroma, mama," alisema mkamwana jioni ile. "Mtoto akifika wiki mbili hatakunjika tena, wala hatalala usingizi huu. Na wewe umefukuza watu watatu."

"Nimefukuza wauaji watatu."

"Kesho anakuja wa nne. Ukimfukuza na huyo, namchukua mtoto nahamia kwa mama yangu mpaka likizo iishe." Aliyasema taratibu, kama anayemwomba mteja asome herufi za mstari wa chini.

Wa nne alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja na begi kubwa na hita ndogo. Kabla hajaambiwa, alivua pete na saa, akauliza maji yako wapi, akanawa mpaka viwikoni. Kucha zake fupi. Kikohozi hana. Bibi Mizani alimkagua kuanzia utosini hadi kisiginoni akitafuta kasoro, akakosa, akazidi kumchukia. Alipopewa mtoto wa unga aliuliza kama ameshanyonya, akamtia kiganja shingoni, akamlaza. Chungwa halikutikisika.

"Na ile picha ya mtoto ameegemeza kidevu kwenye viganja?" Bibi Mizani alimtegea. "Utaipigaje bila kumvunja?"

"Peke yangu siipigi, mama. Ile ni picha mbili. Ya kwanza mtu anamshika kichwa, ya pili anamshika mikono. Mimi baadaye naziunganisha na kumfuta mshikaji. Mtoto haachiwi hata kidogo. Kwa hiyo nitahitaji mtu mzoefu."

Mkamwana alimgeukia mama mkwe wake. "Mzoefu tunaye. Miaka thelathini na mmoja. Si ndiyo, mama?"

Hapo mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe. Akikataa ataulizwa kwa nini, na akijibu kwa nini, yaya anaajiriwa.

"Nitashika mimi," alisema. "Kwani kuna mwingine?"

Walimlaza mtoto karibu na dirisha, kwenye godoro la duara lililotandikwa blanketi, hita ikiunguruma pembeni. Alijikunja mwenyewe, akalala fofofo. Bibi Mizani alipiga magoti, akamshika utosini na kisogoni, akavikodolea macho vidole vyake. Picha ya kwanza ikapigwa, safi kabisa. Jasho lilimtiririka, lakini ushindi nao ulimpanda kichwani, na kwake ushindi usiokuwa na wa kuumia haukuwa na ladha. Akageuza shingo.

"Huyo yaya wako angeweza hivi?"

Mdomo ndio uliomponza. Macho yalipoondoka, vidole vilibaki bila wa kuviambia, na kichwa cha mtoto kikamtoka. Hakikuanguka, kwa sababu kiganja cha mpiga picha kilikuwa tayari chini ya kidevu. Mtoto hata hakuamka. Aliyekuwa hajui kitu ni Bibi Mizani. Aliendelea kumtazama mkamwana akingoja jibu, vidole vikiwa vimeshika hewa.

Alipogeuka na kuona, alisema upesi, "Godoro lako linateleza."

"Halikusogea, mama," alisema mpiga picha.

"Basi ni hiyo kamera yako. Unambofyabofyia mtu masikioni, atatuliaje?"

Mkamwana alikuja akapiga magoti kando yake. Hakugomba. Aliuchukua mkono wa kulia wa mama mkwe wake, akauweka mapajani mwake kama watu wanaopatana. Bibi Mizani aliendelea kumfokea mgeni: godoro, kamera, hita inayowaka kama tanuri. Alikuwa anaogopa, anaogopa kweli, na kufoka ndiko alikokujua.

"Nimekufinya, mama," alisema mkamwana.

"Lini?"

Bibi Mizani alitazama chini. Kucha ya mkamwana ilikuwa bado imezama kwenye gumba lake, na pembeni zilikuwepo alama nyingine mbili, nyekundu.

"Asubuhi ulimwogesha." Kwa mara ya kwanza sauti ya mkamwana ilipanda. "Asubuhi hii, mama. Umemwogesha mwanangu kwa mkono huu, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mkamwana aliuachia mkono ule, akasogea mahali alipokuwa mama mkwe wake, akaweka vidole kwenye kichwa cha mwanawe.

"Nionyeshe pa kushika," alimwambia mpiga picha.

Bibi Mizani alijivuta pembeni kuwapisha. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala aliyemwambia abaki.