Mwalimu Aliyepakata Kava la Injini Hadi Dar es Salaam

Juma hili nilikusudia kuandika juu ya mvua za vuli, lakini habari ya msiba imeniondoa huko. Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Ifakara na binti wa mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi. Aliniamkia, kisha akasema, "Mama ametutoka jana jioni. Tumeona wewe ni mtu wa kuambiwa mapema." Nilikuwa jirani wa mama huyo katikati ya miaka ya tisini, nilipopelekwa bonde la Kilombero kufanya kazi katika ofisi ya kilimo, nikapanga chumba karibu na kwake upande wa Lumemo. Hatukuwa ndugu, wala siwezi kudai tulikuwa marafiki wa kuambiana siri. Tulikuwa watu wa kusalimiana uani, kuazimana jembe na kupeana mboga. Hata hivyo yapo majuma machache ya maisha yake niliyoyashuhudia kwa macho yangu, na tangu nipokee simu ile sijaweza kufikiria jambo jingine.

Mumewe alipostaafu alinunua gari dogo jeupe la Kijapani kwa kiinua mgongo chake. Jioni alikuwa akimfundisha mkewe kuliendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule, sisi majirani tukisimama pembeni tukicheka gari linavyorukaruka. Mwalimu, ndivyo tulivyomwita mama huyo, hakutujali. Kabla msimu wa mavuno haujafika alikuwa anaweza kulipeleka mpaka sokoni na kulirudisha, na baada ya saa za kazi akaanza kubeba abiria na wagonjwa wanaotoka vijijini kuja hospitalini. Kisha mumewe akaugua ghafla, akafa. Msiba ulipotulia, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amekuja kutoka Mahenge, alianza kulizungukazunguka gari lile na kuligonga magurudumu kwa mguu. Nisimseme kuwa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, na alilelewa akiamini kwamba mali ya kaka hurudi kwenye ukoo. Wazee walipanga kikao Mahenge baada ya tanga kwisha, na baba mkubwa wao alitamka neno ambalo sote tuliokuwa msibani tulilisikia: kama mjane analitumia gari kulea watoto, libaki kwake, kama litakaa tu lishikwe na kutu, liuzwe.

Ilikuwa kama gari lenyewe limesikia. Hazikupita siku nyingi likaanza kumisi. Likisimama lilitetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria, likiondoka lilikosa nguvu, na kila alipokanyaga mafuta lilikohoa. Fundi wa gereji iliyokuwa ng'ambo ya barabara yetu alisikiliza mngurumo wake, akatikisa kichwa. "Mwalimu, injini imekufa hii. Tafuta nyingine, au uza." Ifakara ya siku zile ilikuwa ndogo. Kabla jua halijazama shemeji mtu, ambaye alikuwa bado hajarudi Mahenge, alikuwa amekwisha kufika uani, nami nilikuwa nimeketi pale pale nikimenya viazi.

"Shemeji, pole," alisema. "Lakini usijisumbue tena. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hilo ni sikio, shemeji," Mwalimu alimjibu bila kuacha kupepeta mchele wake. "Hili ni gari."

Kesho yake alipotoka shule alikwenda gereji moja kwa moja, chaki ingali vidoleni. Alimwuliza fundi injini imekufa kwa ugonjwa gani. Fundi akasema ringi za pistoni zimekwisha, linakula oili. "Gari likila oili si hutoa moshi?" Mwalimu akauliza. "Hili langu halitoi." Fundi akaifuta spana yake. "Na umejuaje zimekwisha, nawe hujafungua?" Alikuwa anauliza kwa upole, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia. Fundi alikasirika, ila alifungua. Alipochomoa waya wa plagi ya kwanza, ulitoka ukichuruzika oili, mpira wake umevimba. Wa pili vilevile. Kwa injini za aina ile plagi haziko ubavuni. Zimesimama chini kabisa ya mashimo marefu katikati ya kichwa cha injini, na oili ilikuwa imejaa ndani ya mashimo hayo kama maji kisimani. Plagi zilikuwa zimezama. Cheche zitatoka wapi?

Fundi alikausha mashimo, akasafisha plagi, akapaka gundi ya silikoni kuzunguka ukingo wa lile kava la juu ya injini, akafunga. Gari likanguruma vizuri kabisa. Jumapili Mwalimu alilipeleka kanisani, akaliegesha mahali ambapo shemeji yake angeliona. Lakini juma lililofuata, akitoka Kiberege na mzee mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, lilianza tena kukohoa, likazimika kwenye tope. Abiria walishuka wakalisukuma. Mzee yule alifika hospitalini kwa kubebwa kwenye baiskeli, na jamaa zake hawakuficha maneno yao: mwanamke, mjane, gari bovu, anang'ang'ania nini? Mwalimu alirudi nyumbani akiwa na tope mpaka magotini. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akaketi kizingitini. Nilidhani nitamsikia akisema basi. Alichosema ni hiki: "Oili imerudi mashimoni. Maana yake hatukuziba pale inapopitia. Inapitia wapi?"

Safari hii fundi alilitoa kava lote, akaligeuza juu chini mezani. Ndani yake, kuzunguka kila shimo la plagi, kulikuwa na sili ya mpira ya duara. Kazi yake ni kuizuia oili inayolainisha sehemu za juu za injini isiingie shimoni. Zote zilikuwa zimekauka kwa joto, zimekuwa ngumu kama gome, zimepasuka. Silikoni ya ukingoni isingeweza kusaidia kitu. "Sili hizi hapa Ifakara hakuna," fundi alisema. "Labda Dar es Salaam. Na ukikosea saizi umepoteza safari."

"Sitakosea," Mwalimu alisema. "Nitakwenda na kava lenyewe."

Alilisafisha, akalifunga kwa khanga kuukuu, akapanda basi la alfajiri. Njia nzima, kupitia Kidatu mpaka Mikumi na kuendelea, alilipakata mapajani kwa kuogopa lisipate ufa likiwekwa chini. Yeye mwenyewe alitusimulia kwamba mama aliyekaa naye alikuwa akilichungulia furushi lile kwa huruma, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Dada, mwanao kalala muda mrefu. Anaumwa nini?"

"Anavuja," Mwalimu akamjibu.

Wakacheka wote wawili mpaka konda akageuka. Dar es Salaam, kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, kicheko kilikwisha. Kila muuzaji alimletea sili na kumwambia, "Hizi zinaingia tu, mama." Naye kila mara alilifungua furushi lake juu ya meza ya duka, akaijaribu sili mahali pake mbele ya macho ya muuzaji. Nyingine zilicheza, nyingine zilikataa kukaa. Mmoja alimfukuza kwa kumchafulia meza. Alizunguka hivyo kutwa, akalala kwa binamu yake Temeke, asubuhi akarudi kuanza mtaa mwingine.

Huku nyuma, gari likiwa uani kwetu, fundi alikuwa ameifunika injini iliyo wazi kwa nailoni safi na shuka, akanisihi nizuie kuku wasirukie. Hao niliwazuia. Jumatano mchana alikuja shemeji mtu na mnunuzi wa vyuma chakavu, na pikapu, na kamba. Alifunua shuka, akaona injini haina kava, akapiga kofi. "Si nilisema? Tazama, limekwisha kupasuliwa! Likikaa hivi hata bei ya chuma hatutapata." Nilimwambia mwenyewe yuko safarini. "Mwenyewe ni ukoo," alinijibu. "Wewe ni mpangaji, kaa mbali." Nilisimama mbele ya gari, nikiogopa, maana kweli nilikuwa mpangaji na neno langu pale halikuwa na uzito. Mnunuzi alikuwa ameinama anafunga kamba fundi alipovuka barabara, mikono myeusi kwa grisi.

"Acha kamba hiyo," alisema.

"Wewe si ndiye uliyetuambia injini imekufa?" shemeji mtu akamhoji.

"Ni mimi." Fundi alimwangalia mnunuzi, si yeye. "Nilisema kabla sijafungua. Sasa nimefungua. Injini hii ni nzima. Kilichokufa ni mipira midogo, na mwenye gari ameifuata. Ukilivuta gari hili leo, mimi nitakuja kwenye kikao chenu niseme mlivuta gari zima."

Mnunuzi alifungua kamba bila kuambiwa mara ya pili. Aliogopa kesi za watu. Nimeishi na mafundi, madaktari, wanasiasa na waandishi wenzangu kwa miaka mingi; ni nadra sana nimsikie mtu akiirudisha kauli yake hadharani namna ile, mbele ya watu aliowaambia kinyume chake, na kwa hasara ya jina lake mwenyewe.

Mwalimu alirudi Alhamisi, macho mekundu kwa vumbi, sili zikiwa ndani ya kitambaa cha leso. Hakupumzika. Walianza kazi mchana ule ule, naye akitaka kuelezwa kila hatua. Kwanza kuinyonya na kuikausha oili yote mashimoni kabla ya kugusa plagi, maana ukifungua plagi na oili ingali juu yake, inamwagikia ndani. Kisha kuzing'oa sili kuukuu taratibu bila kulikwaruza kava. Kisha kuzikandamiza mpya zikae sawa pande zote, kubadili gaskiti, ule mpira wa ukingoni mwa kava, na kukaza nati kidogo kidogo kwa kupishana, hii kisha ile ya upande wa pili. "Usikaze kama unafunga gunia la mpunga kwenye baiskeli," fundi alimwambia Mwalimu alipoichukua spana mkononi mwake. "Ukizidisha, kava linapinda, tunaanza upya." Walipowasha, injini ilitulia kama maji mtungini. Sisi tulipiga makofi. Mwalimu hakupiga. Aliizima, akasema, "Keshokutwa ni kikao. Tunapanda Mahenge."

Aliniomba nifuatane naye, nami nikaenda. Tulivuka Kilombero kwa pantoni tukiwa tumebanwa kati ya lori la mbao na ng'ombe, tukapita Lupiro, tukaanza kupanda. Anayeijua barabara ile ataelewa kwa nini nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili. Injini ilivuta bila kukohoa. Nusu ya mlima alisimama, akafungua boneti, akachomoa waya mmoja, akaingiza kitambaa cheupe shimoni na kukitoa. Kilikuwa kikavu. Alinionyesha, akafunga boneti, tukaendelea kupanda.

Wazee walikuwa wameketi tayari tulipoingia uani kwa gari. Shemeji mtu alisema limetengenezwa kuzuga watu tu, litazimika kesho. Mwalimu akamwambia, "Shemeji, funguo hizi hapa. Panda na yeyote unayemtaka, mteremke mpaka chini, mpande tena. Likizimika, liache huko huko, ni lako." Baba mkubwa akanyoosha mkono, akazipokea funguo yeye. Alimtazama mwana wa mdogo wake, kisha akamrudishia Mwalimu. "Gari limekuja kwa miguu yake mwenyewe," alisema. "Lina mwenyewe." Sitaki mdhani kwamba alishinda yote. Mchana huo huo waligawa shamba la mpunga, na sehemu yenye maji ilikwenda kwa ukoo. Tuliporudi alilia, njia nzima tangu Lupiro mpaka mtoni, huku akiendesha vizuri tu. Lakini gari lile lilibeba wagonjwa wa Ifakara kwa miaka mingi baadaye, na ada za watoto wake zilitoka humo. Binti aliyenipigia simu Jumatatu ni mmoja wao. Sasa ni muuguzi.

Nimejiuliza kwa nini kisa hiki kidogo kinanielemea hivi. Nadhani ni kwa sababu tunaishi katika nchi inayopenda kutangaza vifo. Shule ikifelisha, tunasema imekufa. Ushirika ukiyumba, umekufa. Mwanamke akifiwa na mume, nyumba yake imekufa, na watu huanza kuhesabu viti. Kutangaza hakuhitaji kazi. Unasikiliza mngurumo, unatikisa kichwa. Kufungua ndiko kugumu, kwa sababu ukifungua utachafuka, huenda ukajua ulikosea, na mara nyingine ukitengeneza itavuja tena mbele ya watu wanaokucheka. Mwalimu alitengeneza ikavuja, akachekwa, akauliza inapitia wapi. Ujasiri wake niliuona zaidi hapo, katika swali hilo lililoulizwa na mtu mwenye tope magotini, kuliko hata siku ile ya Mahenge.

Basi niwaombe jambo moja, ninyi mnaonisoma. Huko mliko yupo mjane ambaye jamaa zake wanangoja achoke. Msimwambie avumilie tu, amekwisha kuvumilia. Mwulizeni kinachovuja ni nini, kisha simameni mbele ya mali yake mpaka arudi na dawa.