Siku Nilipomfukuza Tembo Kwake

Wakuu, mimi ndiye niliyemfukuza tembo ndani ya hifadhi, mchana kweupe, mbele ya afande.

Msicheke kwanza. Kwetu Ruponda, huku Nachingwea, kufukuza tembo ni kazi kama kupalilia.

Akiingia kwenye mihogo yako mara moja tu, mwaka mzima unaomba unga kwa shemeji. Ndo maana tunakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, debe mkononi. Akitokea unapiga debe na kupayuka mpaka koo likauke. Mimi nimeanza hiyo shughuli nikiwa darasa la pili.

Sasa mwaka jana ikaja ziara. Wanakijiji kumi na wawili tupelekwe kwenye hifadhi moja ya pwani, yenye mikoko, vinamasi, viboko na ndege wa kila rangi. Eti tukawaone wanyama kwa amani, tuache kuwachukia.

Kiongozi wa msafara: mimi, Gaudens, askari wa wanyamapori wa kijiji. Wa kujitolea. Mshahara, hewa.

Afande Koleta, mhifadhi wa kule, akanipigia simu.

"Gaudens, watu wako wakitulia siku nzima, nakuandikia barua ya kukupendekeza chuo cha wanyamapori. Wakileta fujo, sahau."

Barua hiyo nilikuwa naitafuta miaka minne. Nikamwambia watatulia kama wako kanisani.

Tatizo lilikuwa moja tu: Bibi Biasha.

Huyu bibi akipiga debe Ruponda, Ruangwa wanaamka. Nilimwambia afande huyo ndo mwenye kelele, nikajaribu kulikata jina lake kwenye orodha. Siku ya safari nikamkuta stendi, kafika kabla yangu, na kanga mpya.

Getini nikaukagua mfuko wake.

"Unatafuta nini humo, mjukuu?"

"Debe, bibi."

"Debe likae kwenye mfuko wa mihogo ya kuchemsha? Nyie mlisoma nini huko shule?"

Tukaingia kwenye boti pamoja na Afande Koleta. Nikakaa ubavuni mwa bibi, tayari kumziba mdomo.

Aisee, watu walitulia! Tukapita mamba, kimya. Tukapita viboko, kimya. Ndege weupe wamejaa kwenye mikoko kama pamba, hakuna aliyekohoa. Afande Koleta akaninyanyulia dole gumba. Nikaanza kujiona nimeshavaa gwanda.

Mkondo ukakata kona.

Tembo jike na mtoto wake, hatua thelathini hivi, wanakula majani ukingoni.

Ninachokumbuka ni mkono wangu kuidaka ndoo ya bati ya kutolea maji kwenye boti.

"Heyaaa! Toka! Tokaaa! Mihogo yangu!"

Wakuu, hakukuwa na mhogo hata mmoja pale.

Ndege wote wakaruka. Mama tembo akatandaza masikio, akaingia majini, anakuja. Nahodha anavuta kamba ya injini, injini inakohoa tu. Na mimi bado natwanga ndoo, maana akili ilikuwa imeshahama.

Mkono ukanikwida kola, ukanikalisha chini. Bibi Biasha.

"Nyamaza! Ana mtoto huyu. Ukizidi kumtisha harudi nyuma. Wote inameni, mtu asitikisike."

Tukainama. Maji yalimfika kifuani yule mama. Akasimama karibu kiasi kwamba niliona kope zake. Akatupulizia maji, akatutazama, halafu akageuka. Akamsukuma mwanawe kwa mkonga, wakapotelea mikokoni.

Nilikuwa nalia. Sioni haya kusema.

Afande Koleta hata hakunitazama. Alimgeukia bibi.

"Bibi, haya umejifunza wapi?"

"Kwenye dungu, mwanangu. Miaka arobaini. Mwenye mtoto unamwacha apite."

"Mbona kiongozi wenu aliniambia wewe ndo mwenye kelele?"

"Kule nafukuza kwa sababu shamba ni langu. Hapa ni kwao. Sasa utamfukuza mtu kwake?"

Boti nzima ikanigeukia. Nikajifanya naangalia mawimbi, na mawimbi yenyewe hayakuwepo.

Mwezi uliofuata ikaja bahasha yenye muhuri wa hifadhi. Nikajificha nyuma ya zahanati, nikaichana.

Haikuwa ya chuo. Ilikuwa mwaliko wa mafunzo ya siku tano, Ruangwa mjini: namna ya kuishi jirani na tembo. Mkufunzi: Bibi Biasha. Chini yake, orodha ya wanafunzi. Namba moja ni mimi, na jina limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Iliniuma, nisiwadanganye. Lakini nikaenda.

Siku ya kwanza nilijibanza kiti cha nyuma. Bibi akaniona.

"Gaudens, pita mbele. Waonyeshe wenzako ulichofanya."

Nikatwanga ndoo mbele ya watu thelathini. Wengine waliomba nirudie.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukiwa kwenye msafara na umeshaamua moyoni nani atawatia aibu, fanya hisani moja: mwombe jirani yako akushike wewe mikono.