Chai ya Wageni wa Mipango

Kwetu Kaole, kijiji cha pwani, mgeni haondoki bila chai. Ndiyo maana, siku wataalamu wa mipango ya taifa walipokuja kutuuliza tunataka kijiji chetu kiweje miaka ishirini na mitano ijayo, mama alidamka kuwachemshia birika zima la chai ya tangawizi.

Tulikaa darasani, shuleni. Wakatueleza kwamba bahari inapanda, na kwamba nchi inajipanga kuhimili. Wanatueleza sisi! Tukaitikia kwa heshima.

Chai ikaletwa. Kiongozi wao akapiga funda moja, akakunja uso, kisha akacheka. "Mama, leo umechanganya makopo. Umetia chumvi badala ya sukari."

Kumwambia mwanamke wa pwani kwamba hajui kupika chai, tena mbele za watu! Mama akamjibu kwa adabu zake zote: "Sukari nimetia, mwanangu. Hiyo chumvi ni ya kisimani. Bahari imeshaingia."

Nikadhani sasa wameelewa. Ramani gani ingewaeleza zaidi ya kikombe kile? Yule bwana akasema pole, akakisukuma kando, akarudi kwenye miaka yake ishirini na mitano. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mwaka uliofuata walirudi kuendelea na mpango uleule. Kisima hakikuwa kimeguswa. Lakini kumbe chai yetu waliikumbuka vizuri: kila mmoja alishuka garini na chupa yake ya chai kutoka mjini.