Baba Alipolala Kwenye Matete

Jimbo la Katanga lilipojitenga na nchi, sisi tulikuwa watu wa jimbo la Kasai tunaoishi huko Katanga, mtaa wa Kamalondo, na baba yangu alikuwa fundi cherehani. Askari walipoanza kuingia majumbani na kuondoka na wanaume wa Kasai, waliohesabiwa maadui, baba aliacha kulala nyumbani. Jua likizama alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda kujificha kwenye matete ya mtoni. Asubuhi alirudi amevimba shingo, masikio, hata kope za macho, kwa kuumwa na mbu.

Mama alimkalisha jikoni kabla hajavua viatu. Alimwosha kwa maji baridi na sabuni, kisha akamkanda kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Baba alishika kiti kwa nguvu asijikune. Angejikuna, damu ingetoka, na mteja angeuliza amelala wapi. Hata siku za joto kali alishona amefunga kola hadi juu.

Asubuhi moja mama alisahau kufunga komeo, jirani yetu akaingia kuomba makaa ya moto. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini mwa Katanga. Sisi watoto tulimwita kambo, yaani bibi. Zamani alishinda kwetu, lakini tangu fujo zianze alitupita bila salamu, na mwanawe sasa alikuwa askari. Alimtazama baba, mgongo wazi umejaa mabaka mekundu. Akatoka bila kuchukua moto.

Mama akaanza kufunga nguo zetu kwenye shuka. Baba alisema pengine yule mama hakuelewa alichokiona. Mama aliendelea kufunga.

Kambo akarudi na jani la mshubiri chini ya kitenge. Alilipasua kwa kisu chetu, akampaka baba utomvu wake mgongoni, polepole, kama anampaka mtoto mafuta.

"Chumvi itamuchoma bure," alimwambia mama. Kisha, bila kuinua macho: "Kule kwa matete asirudie tena. Askari banapajua."

Mama alimuuliza nani kamwambia. Kambo akamalizia kupaka utomvu. Mimi mwenyewe, nikiwa mtoto, nilidhani ni mwanawe, yule askari.

Tuliondoka mchana huohuo kwenda kambini, walikokimbilia watu wetu. Huko tuliishi chini ya turubai, na mbu walikuwa wengi kuliko wa mtoni. Mama alitukata kucha sote, na maji yakipatikana alilowesha kitambaa akatukanda mmoja mmoja. Mdogo wangu alijikuna hata hivyo, vidonda vikaoza, akashikwa na homa. Alipona, ila miguu yake ina makovu mpaka leo.

Baba alinusurika. Tuliporudi Kamalondo baada ya fujo kwisha, nyumba ya kambo ilikuwa na watu wengine. Mama aliwauliza alikokwenda. Wakasema hawamjui, nao wamekalia viti vyake.